Namna ya Kuutazama Wimbo wa Filamu ya Kihindi

Jumamosi usiku tunapoonyeshwa filamu ya Kihindi bwaloni, yako mambo mawili yasiyokosa kutokea. La kwanza, filamu ikiwa ya zamani, isiyo na rangi, wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza hunung'unika. La pili, wimbo ukianza, wenzetu wengi huinuka kwenda kunywa maji, wakisema kwamba hadithi imesimama, na itakapoendelea waitwe. Nimeona yafaa niandike machache juu ya jambo hili, kwa maana naamini kwamba wanaotoka nje huiacha sehemu iliyofanyiwa kazi kubwa kuliko zote.

Wazazi watakaosoma ukurasa huu hawahitaji maelezo mengi. Katika miji ya pwani kama Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, filamu hizi zilipendwa sana katika majumba ya sinema miaka ya 1950 na 1960, na tuni zake ziliingia hata katika taarabu. Lakini wengi wanazikumbuka kwa masikio. Mimi nataka kusema habari ya macho.

Kwanza tujue jinsi wimbo unavyotengenezwa. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilitoka mwaka 1931 katika mji wa Bombay, ambao tangu mwaka 1995 huitwa Mumbai. Ilikuwa na nyimbo saba. Siku zile mwigizaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera, naye hakuweza kwenda mbali na kipaza sauti. Kuanzia mwaka 1935 uliingia utaratibu mwingine: mwimbaji hodari huurekodi wimbo kwanza, kisha wimbo huo hupigwa mahali pa kuigizia, na mwigizaji huufuatisha kwa midomo. Wako wanaoucheka utaratibu huu na kuuita udanganyifu. Lakini tufikiri kidogo. Mwigizaji aliyefunguliwa kutoka kwenye kipaza sauti aweza kukimbia, kupanda ngazi na kugeuka atakavyo, na kamera nayo yaweza kumfuata. Hapo ndipo wimbo ulipopata macho.

Basi, nawaomba wasomaji watazame mambo matatu: kitu, mahali, na nuru.

Kitu. Katika Shree 420, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1955, maskini wawili wamesimama barabarani usiku, mvua inanyesha, nao wana mwavuli mmoja tu. Raj Kapoor anausogeza kwa Nargis, Nargis anaurudisha kwake. Asiyejua neno moja la Kihindi ataelewa kila kitu kwa kuufuata mwavuli huo: haya, woga, kisha ahadi. Katikati ya wimbo wanapita watoto watatu waliovaa makoti ya mvua, nao walikuwa watoto wa Raj Kapoor mwenyewe. Nargis anawaonyesha kwa kidole, na sisi tunaona miaka inayokuja. Tena tuiangalie mvua. Mvua ikimulikwa kwa mbele haionekani vizuri kwenye picha. Ikimulikwa kwa nyuma, kila tone hung'aa. Mpiga picha asiyelijua hilo ataipoteza mvua yake bure.

Mahali. Mughal-e-Azam ya K. Asif ilionyeshwa kwanza mwaka 1960. Sehemu kubwa yake ilipigwa bila rangi, lakini wimbo wake mashuhuri ulipigwa kwa rangi, ndani ya jumba la vioo lililojengwa studio, na ujenzi wake ulichukua muda wa miaka miwili. Taabu ilikuwa hii: taa zilipowashwa, vioo viliirudisha nuru yote kwenye kamera. Ilimbidi mpiga picha, R. D. Mathur, atafute njia ya kuipooza nuru hiyo kabla haijavifikia vioo. Je, taabu hii ilikuwa ya mapambo tu? Sivyo. Katika hadithi, mchezaji ngoma Anarkali, ambaye ni Madhubala, anamwambia Mfalme Akbar mbele ya baraza kwamba haogopi. Mfalme anainua macho juu, na katika kila kipande cha kioo anamwona Anarkali. Mwenye enzi ana askari na magereza, lakini hana mahali pa kugeuzia uso wake. Vioo vimesema jambo ambalo maneno peke yake yasingeweza kulisema.

Nuru. Hapa nataka tukae kidogo. Mwaka 1959 Guru Dutt alitengeneza Kaagaz Ke Phool, filamu ya kwanza ya India iliyopigwa kwa picha pana, nayo haina rangi. Ni hadithi ya mwongozaji wa filamu mwenye mke, anayempenda mwigizaji wake na asiweze kuwa naye. Wawili hao, Guru Dutt na Waheeda Rehman, wamesimama mbalimbali katika studio tupu. Midomo haitikisiki. Sauti ya Geeta Dutt inapita kama wazo. Kutoka juu unashuka mwali mmoja mkubwa wa nuru, na ndani yake tunaona vivuli vya watu hao vikiacha miili yao na kukutana, huku miili yenyewe ikibaki pale pale ilipo.

Mwali ule haukutoka kwenye taa. Mpiga picha, V. K. Murthy, aliweka kioo kikubwa nje kwenye jua, kikairudisha nuru mpaka kioo cha pili ndani ya studio, nacho kikaitupa chini. Wenzangu, hili ni somo letu la Fizikia! Nuru hurudi kutoka kwenye kioo kwa pembe ile ile iliyoingilia, nao mwali hauonekani hewani mpaka ukutane na vumbi au moshi. Kila mmoja wetu amelijibu swali hilo kwenye mtihani. Murthy alilitumia kuonyesha huzuni.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza. Lakini Kaagaz Ke Phool haikujiuza. Watu hawakuipenda, fedha zikapotea, na Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji wa filamu yoyote. Alifariki mwaka 1964, umri wake miaka 39. Baadaye sana watu waliirudia filamu ile, na leo huhesabiwa miongoni mwa filamu bora za India. Murthy aliishi kuyaona hayo: mwaka 2010 alikabidhiwa tuzo ya Dadasaheb Phalke, heshima kubwa kabisa ya filamu nchini mwake, naye alikuwa mpiga picha wa kwanza kuipata. Methali yetu ni ya kweli, ila haikutaja ni lini kizuri kitajiuza. Nyakati nyingine kinangoja watazamaji wakubali kukaa vitini.

Kwa hiyo nawapa wenzangu zoezi dogo. Wakati wa likizo, ukipata nafasi, chagua wimbo mmoja wa zamani uutazame mara mbili, mara ya kwanza bila sauti. Kisha uandike daftarini majibu matatu. Nuru inatoka upande gani? Waigizaji wameshika nini, na kitu hicho kinakwenda kwa nani? Kamera inaposogea, inamfuata nani, na inamwacha nani? Baada ya hapo fungua sauti. Ukiona kwamba hadithi ilisimama wakati wa wimbo, njoo tubishane. Kamera hatuna hapa shuleni, lakini jua tunalo kila siku, na kioo hakikosekani.

Mwanafunzi, Kidato cha IV