Usiache Duara Wazi: Mbinu za Kufunga Utafiti Geita na Shinyanga

Ukitembea kando ya Nyarugusu au Mgusu, mkoani Geita, mwenyeji wako atakuonya utazame unapokanyaga. Maduara ya zamani, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, yapo, mengine yamefunikwa na nyasi hadi mdomoni. Aliyechimba alipata au alikosa, akahamia kwenye rashi nyingine, mahali pengine palipovuma dhahabu. Shimo likabaki la ng'ombe na watoto wa wenye kijiji.

Mwanafunzi wa utafiti naye ni mchimbaji. Anakaa miezi mitatu au sita, anachota habari vifuani mwa watu, halafu asubuhi moja kijiji kinaambiwa kwamba yule wa chuo kapanda gari la alfajiri. Ndugu zetu kutoka Kenya, Uganda, Burundi na Kongo ni rahisi kuteleza hapa. Kiswahili kinawapa uenyeji wa haraka, hadi wanasahau kwamba wako nchi ya watu, kwa kibali, na kwamba mgeni huaga.

Kufunga ni kazi yenyewe. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulipoacha kuzalisha dhahabu mwaka 2021, shughuli za kuufunga ndizo zilizofuata. Kwa mwanafunzi, kanuni ni nyepesi: toka kwa njia uliyoingilia. Uliingia kwa kushuka ngazi, kuanzia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), mkoa, halmashauri, kata, kijiji, hadi kwa mwenye duara. Sasa zipande ngazi hizo hizo kutoka chini.

Anza wiki tatu kabla

Andika tarehe tatu kwenye karatasi moja: siku kibali cha utafiti kinapoisha, siku kibali cha ukaaji kinapoisha, na siku ya safari. Kisha hesabu kurudi nyuma. Zikibaki wiki tatu, usifungue mahojiano mapya. Ziba mapengo: bei uliyoandika bila kipimo, jina la kifaa ulilolinasa kwa kusikia tu, mgao wa mawe kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, ambao watu wawili wamekueleza kwa namna mbili. Hakikisha namba za simu pia. Wachimbaji wadogo hawatulii. Ikivuma habari ya rashi Mwakitolyo, Shinyanga, uliyemzoea Rwamgasa, Geita, hutamkuta kesho.

Acha siku mbili tupu kati ya kazi ya mwisho na safari. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kungoja kivuko kati ya Geita na Mwanza, na urahisi huo unamshawishi mtu ahoji asubuhi, jioni awahi basi la Sirari, mpakani na Kenya. Usijaribu. Kuaga hakuna saa.

Funga madaftari kabla ya mabegi

Mchimbaji asiye na leseni aliyekuonyesha anavyochoma dhahabu yenye zebaki uani kwake amekukabidhi usalama wake. Orodha ya majina halisi iwe faili moja, mahojiano yenye majina ya bandia yawe faili jingine, yote yafungwe kwa nywila, na yasisafiri kwenye begi moja. Pitia picha moja moja. Ondoa zenye sura za watoto walioko kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea mchanga wa dhahabu, na za watu ambao hukuwaomba ruhusa.

Kaa na msaidizi wako, mfute pamoja rekodi na picha zilizobaki kwenye simu yake. Hii husahaulika sana, nayo ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa yeye anabaki pale pale na simu yake huazimwa na wengi. Na kabla hujapakia chochote kwenye hifadhi ya chuo chako, pitia na msimamizi wako Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Inagusa pia taarifa zinazovuka mpaka.

Mawe hayaondoki kimya kimya

Kipande cha mwamba ulichokiokota kwa ajili ya maabara si kumbukumbu ya safari. Kama wewe ni wa jiolojia, nenda mapema kwenye ofisi ya Tume ya Madini iliyo karibu ukaulize kibali cha kusafirisha sampuli. Kama umechukua damu, mkojo au nywele ili kupima zebaki, rejea idhini yako ya maadili na makubaliano ya kuhamisha sampuli. Usiombe msamaha uwanja wa ndege.

Zawadi nayo ina mtego wake. Mzee aliyekupenda anaweza kukutilia punje ya dhahabu mkononi. Dhahabu halali hupitia kwenye masoko ya madini, ambayo la kwanza lilifunguliwa Geita Machi 2019, na hutoka na karatasi zake. Punje yako haina karatasi. Rudisha kwa mikono miwili, kwa utani: "Mzee, hii itanilaza ndani mpakani. Nipe michembe." Viazi vikavu vitakufikisha salama, na mzee atakuwa hajakataliwa.

Lipa kwanza, gawa baadaye

Mama lishe, bodaboda, mwenye nyumba, fundi aliyekurekebishia chaja: walipe kabla ya wiki ya mwisho, ili asiwepo wa kukukimbilia stendi. Msaidizi wa utafiti mmalizie chote mkiwa mnatazamana. "Nitakutumia nikifika" imewaliza wengi.

Mpe pia barua yenye sahihi: alifanya kazi gani, kwa muda gani, alitafsiri kutoka Kisukuma au la, na anayetaka kuuliza aulize wapi. Kwa kijana wa Kakola, karatasi hiyo inaweza kumpatia kazi nyingine. Muulize kama anataka jina lake liandikwe kwenye shukrani za tasnifu. Huenda wewe ukaona ni heshima, yeye akaona ni ushahidi dhidi yake.

Godoro, jiko la gesi na baiskeli vigawe mapema, kwa waliokuhudumia. Vingine uza kwa bei ya wazi. Ukingoja jioni ya mwisho, utagawia wenye sauti kubwa na kuacha ugomvi nyuma yako.

Rudisha habari kwa wenyewe

Katika ukanda wa dhahabu, mgeni mwenye daftari hushukiwa kwamba anatafuta mwamba kwa niaba ya tajiri au kampuni. Anayeondoka kimya anaithibitisha tetesi hiyo, na msumari unampata mwanafunzi ajaye. Kwa hiyo fanya mrejesho.

Mwombe mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wakutengee muda. Wachimbaji wafuate kwa saa zao, baada ya zamu. Wanawake wanaoponda mawe na kuosha mchanga kwenye mialo kaa nao peke yao; mbele ya mwenye mwalo watakubali kila neno lako. Beba ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi wenye mambo matatu: nilichosikia, nisichokielewa bado, na kitakachofuata. Kisha uliza: "Wapi nimekosea?" Andika majibu. Mara nyingi nusu saa hiyo inaokoa sura nzima ya tasnifu.

Kama ulipima afya ya mtu, majibu yake ni yake: mpe faraghani, pamoja na mhudumu wa afya anayeweza kumweleza hatua ya kuchukua. Usiyasome mkutanoni.

Upande wa Shinyanga, kwa wakulima na wafugaji wenye ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, jua kwamba wewe si wa kwanza. Mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulivuta wageni wa kila aina wenye maswali. Mzee atakachokumbuka ni kama ulirudi kumwambia.

Usiahidi leseni, mtaji wala kisima. Hata "nitarudi" lisikutoke kama nauli huna. Ahidi kitu kimoja kidogo unachokiweza, kwa mfano nakala ya muhtasari kufika ofisi ya kijiji, na taja mwezi.

Aga, na ukubali kusindikizwa

Nenda nyumba kwa nyumba na msaidizi wako, jioni, watu wakiwa wametulia. Anza na yule mliyekwaruzana. Sema "wabeja", yaani asante, hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo. Mwenyeji akiinuka kukusindikiza, usimzuie kwa kisingizio kwamba unamsumbua. Mwende pole pole, maana maneno aliyoyameza mbele ya kinasa sauti huenda yakatoka njiani. Hayo usiyatumie bila kumwomba ruhusa upya.

Kisha panda ngazi: kata, halmashauri, ofisi ya katibu tawala wa mkoa. Kila mahali acha barua ya shukrani na ule ukurasa mmoja, ugongewe muhuri kwenye nakala yako. Kwa COSTECH, soma masharti yaliyo kwenye kibali chako na uwasilishe taarifa unayodaiwa. Mihuri hiyo itakufaa ukiomba kibali tena.

Ukishafika kwenu

Ukipata homa, hata baada ya wiki kadhaa, mwambie daktari kwamba umetoka kanda ya ziwa. Asidhani ni mafua. Kama uliingia ziwani au kwenye mabwawa, pima kichocho hata kama huumwi. Kama ulikaa karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe, na kikohozi hakiishi, taja vumbi la mawe.

Moyo nao una vumbi lake. Ukikaa na wachimbaji utasikia habari za waliofukiwa. Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, watu watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, kwingine hawakutoka. Usizigeuze habari hizo kuwa hadithi za kuchangamsha meza siku ya kwanza. Ziandike daftarini kwanza, kama ulivyozisikia, kisha zungumza na mtu mmoja anayejua kunyamaza.

Jambo moja tu usilingoje ufike: fungua kalenda, kwenye mwezi ule ulioutaja kijijini. Andika humo jina la mtendaji, namba yake, na mahali pa kuutuma muhtasari. Yaandike hayo ukiwa bado ndani ya basi, kabla ya mpaka, wakati vumbi la Geita lingali kwenye viatu.