Kumjua Yesu Tukiwa Njiani

Mitihani inakaribia, najua, lakini naomba mnipe nusu saa. Somo letu la leo linahusu swali moja tu: Yesu ni nani hasa, na mtu anayejiita mfuasi wake anamjuaje? Chukua Biblia yako, fungua Injili ya Marko sura ya 8, halafu twende pamoja taratibu.

1. Swali liliulizwa ugenini

Soma aya ya 27 hadi ya 30. Yesu na wanafunzi wake wako njiani kuelekea vijiji vya Kaisaria Filipi. Mahali hapo si kwao. Ni kaskazini kabisa, chini ya mlima Hermoni, kama kilomita 40 kutoka Bahari ya Galilaya. Mji wenyewe ulipewa jina la Kaisari wa Rumi, na ulikuwa na hekalu la kumheshimu Kaisari, na pango ambalo watu walimwabudia mungu wa Wayunani aitwaye Pan. Yaani ni mji wa wageni, wenye dini nyingi na serikali ya watu wengine. Hapo ndipo Yesu anapowauliza wenzake: watu wanasemaje juu yangu? Wanamjibu: wengine wanasema ni Yohana Mbatizaji, wengine Eliya, wengine mmoja wa manabii. Ndipo anawageuzia swali wao wenyewe.

Hebu tufikirie. Kwa nini asiwaulize kule Kapernaumu, nyumbani, ambako kila mtu anamjua mwenzake? Marko hatuambii sababu. Lakini sisi tulioacha Mwanza, Kisumu, Bukavu au Mbale tukaja kusoma huku tunaielewa hali hiyo vizuri sana. Nyumbani swali hilo halikuulizi mtu. Unazaliwa Mlutheri, Mwanglikana, Mkatoliki au Mpentekoste, unabatizwa, unaimba kwaya, basi. Ukifika ugenini mama hayupo wa kukuamsha Jumapili. Hapo ndipo mtu anajua kama imani ni yake au ilikuwa ya ukoo.

2. Watu wanasemaje hapa Durban?

Tuanze pale Yesu alipoanzia, yaani maneno ya watu. Ukitembea mjini kutoka soko la Victoria Street, kwa dakika chache tu utapita Msikiti wa Juma, mmoja wa misikiti mikubwa ya kusini mwa Afrika, na karibu yake kanisa kuu la Emmanuel la Wakatoliki. Mji huu ndio alioishi Ahmed Deedat, aliyefariki mwaka 2005, mhubiri wa Kiislamu ambaye midahalo yake juu ya Yesu na Biblia ilifika mpaka Dar es Salaam na Mombasa kwa kanda za video. Wenzetu Waislamu wanamheshimu Isa mwana wa Maryam. Qurani inamwita Masihi na inasema alizaliwa na bikira. Tunapotofautiana ni kwenye msalaba na kama yeye ni Mwana wa Mungu. Hizo si tofauti ndogo, na hakuna haja ya kuzificha. Ila jamani, mdahalo wa kushindana aya, watu wakipiga makofi kama uwanja wa mpira, unaweza kumpa mtu ushindi bila kumpa maarifa. Unaweza ukashinda hoja zote na bado usimjue unayemtetea.

Jibu la pili liko katika historia ya nchi hii. Mwaka 1857 sinodi ya kanisa la Wadachi kule Cape iliruhusu Wakristo weupe na weusi waabudu mbalimbali, kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya washirika. Udhaifu ukageuka kuwa desturi, na desturi ikageuka kuwa mafundisho. Ilipokuja serikali ya ubaguzi wa rangi mwaka 1948, walikuwepo wanatheolojia wa kuitetea kwa Biblia. Watu hao walikuwa wakisali, wakisoma Maandiko, wakimwita Yesu Bwana. Wapo waliowapinga: Ungamo la Belhar liliandikwa mwaka 1982 ndani ya familia ya makanisa hayohayo, na likapitishwa rasmi mwaka 1986. Katikati yake, mwaka 1985, wanatheolojia wengine walitoa waraka wa Kairos, wakisema wazi kwamba kuna theolojia ya kulinda serikali na kuna theolojia ya kinabii. Kwa hiyo swali la Yesu ni nani halikuwa la darasani. Lilikuwa swali la nani akae wapi, nani azikwe wapi, nani avunjiwe nyumba.

Jibu la tatu utaliona kwenye nguzo za umeme na kuta za stendi ya teksi: mabango ya Yesu wa visa, Yesu wa kazi, Yesu wa kumrudisha mpenzi aliyepotea. Mwanafunzi ambaye ada haijalipwa na kibali cha kuishi kinakaribia kwisha anavutwa sana na bango hilo, na simlaumu. Mungu anajali ada yako. Lakini Yesu huyo wa bango hana msalaba, na hana neno lolote la kukuambia siku visa ikikataliwa.

Na la nne tulikuja nalo wenyewe kwenye sanduku. Ni yule Yesu wa picha ya ukutani sebuleni, mwenye nywele laini za kahawia. Ile maarufu kuliko zote ilichorwa na Mmarekani Warner Sallman mwaka 1940. Hakuna dhambi kuwa na picha. Ila Yesu wa Injili ni Myahudi wa Galilaya, mtoto wa familia ya fundi, aliyekimbiziwa Misri akiwa mdogo kwa sababu mfalme alitaka kumuua. Soma Mathayo 2:13-15. Kwa lugha ya ofisi za hapa angeitwa mkimbizi, na angepanga foleni ya karatasi kama wengine wetu.

3. Kuona nusu

Sasa rudi nyuma kidogo, Marko 8:22-26. Kabla tu ya swali lile, Yesu anamponya kipofu kule Bethsaida, na anamponya kwa hatua mbili. Mara ya kwanza yule mtu anaona watu, lakini wanaonekana kama miti inayotembea. Yesu anaweka mikono tena, ndipo anaona sawasawa. Wengi wanashangaa: je, nguvu zilipungua? Mimi naona Marko ameiweka habari hii hapo makusudi, kwa sababu tukio linalofuata ni la Petro, naye anaona nusu.

Petro anajibu vizuri: wewe ndiwe Masihi. Neno hilo ni la Kiebrania, na Kristo ni la Kiyunani, maana yake ni moja: mpakwa mafuta, mfalme aliyewekwa na Mungu. Jibu ni sahihi, lingepata alama zote kwenye mtihani. Lakini soma aya ya 31 hadi 33. Yesu anaanza kueleza kwamba atateswa, atakataliwa, atauawa na kufufuka, na Petro anamvuta pembeni amkemee! Jina alilijua, maana yake bado. Alitaka mfalme wa kuwafukuza Warumi, siyo mfalme wa kutundikwa na Warumi. Alikuwa anamwona Yesu kama mti unaotembea.

Kutoka hapo mpaka sura ya 10, Yesu anatangaza mateso yake mara tatu: 8:31, 9:31 na 10:33-34. Kila mara wanafunzi wanaonyesha hawajaelewa. Mara wanabishana nani mkubwa, mara Yakobo na Yohana wanaomba viti vya heshima. Na ukitazama, mwisho wa sehemu hiyo kuna kipofu mwingine, Bartimayo wa Yeriko. Yeye anafumbuliwa macho, na Marko anasema alimfuata Yesu njiani. Anaona, anafuata. Hapo ndipo ufunguo wa somo letu ulipo: wanafunzi hawakumjua kwanza ndipo wakamfuata. Walimjua kwa kumfuata, kidogo kidogo, wakikosea na kusahihishwa.

Ndivyo tunavyojifunza hata mambo mengine. Kijana anayejifunza ufundi kwa fundi hasomi kitabu kwanza. Anashika tochi, anapewa spana, anaona mwalimu anavyosikiliza injini. Marko 3:14 inasema Yesu aliwateua wale kumi na wawili kwanza kabisa wawe pamoja naye. Kutumwa kulikuja baadaye.

4. Njia hiyo inapita wapi leo?

Hapa ndipo somo linauma. Mwezi wa nne mwaka 2015 wageni walishambuliwa hapa Durban. Maduka yaliporwa, familia za Wakongo, Wamalawi, Warundi na wengine zikalala kwenye mahema kule Isipingo na Chatsworth. Haikuwa mara ya kwanza, maana mwaka 2008 yalitokea sehemu nyingi za nchi, na haikuwa ya mwisho. Kuitwa *kwerekwere* kwenye teksi tunakujua, mimi mwenyewe nimeitwa. Unashuka, unafika ibadani, unakuta mnaimba wimbo mmoja na watu wa kabila la yule aliyekutukana. Sasa Yesu ni nani hapo?

Nina mifano miwili. Wa kwanza ni Denis Hurley, aliyewekwa kuwa askofu hapa Durban mwaka 1947 na kustaafu uaskofu mkuu mwaka 1992. Alikuwa mzungu, angeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angemgusa. Badala yake alisimama hadharani na bango mbele ya posta kuu ya Durban kupinga ubaguzi, na mwaka 1984 akashtakiwa kwa kusema juu ya ukatili wa kikosi cha polisi kule Namibia. Kesi ikaanguka mwaka 1985. Leo pembeni ya kanisa la Emmanuel kuna kituo chenye jina lake, kilichofunguliwa mwaka 2015, ambapo wasio na makazi na wakimbizi wanapata chakula na matibabu. Linganisha bango lake na yale mabango ya stendi. Bango la Hurley lilikuwa la kumgharimu yeye.

Wa pili ni wa kwetu. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtoto wa ule uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930, alikimbia Uganda mwezi wa pili mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Idi Amin. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nampenda Idi Amin. Watu walishtuka, na ni haki yao. Lakini hakusema Amin hana kosa. Alipambana na chuki ndani yake mwenyewe mpaka akafika mahali pa kusamehe, kwa sababu aliyekuwa anamfuata aliwaombea waliomsulubisha. Huko ndiko kuona mara ya pili.

Wenyeji wetu hapa wanasalimiana *sawubona*. Ndani yake kuna *bona*, ndugu yake *ona* ya Kiswahili. Yaani: tumekuona. Ni salamu nzuri kuliko tunavyodhani. Aliyefumbuliwa macho haoni miti inayotembea. Anaona watu, mgeni na mwenyeji pia.

5. Tufanye nini?

Kwanza, soma Injili ya Marko yote kwa mkao mmoja. Ni sura 16 tu, haizidi saa mbili, muda wa sinema moja. Soma kama vile huijui hadithi, na kila ukikuta mtu anamtaja Yesu kwa jina au cheo, andika pembeni.

Pili, usisome peke yako siku zote. Kaa na Mzulu mmoja, na Mkongo mmoja, muulizane. Kila mmoja anaona upande ambao mwenzake haoni.

Tatu, chagua neno moja la Yesu ulitende wiki hii: kusamehe, kumtembelea mgonjwa, kurudisha ulichoazima. Utajifunza zaidi hapo kuliko kwenye mahubiri kumi.

Nne, ukiulizwa na rafiki Mwislamu au asiye na dini, jibu kwa upole unachokijua, na usiogope kusema kingine bado unajifunza. Petro naye alikuwa anajifunza.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Kabla hujaja Durban ungejibu vipi swali la Marko 8:29? Leo je?
2. Ni wapi Wakristo wa nchi yako walimtumia Yesu kulinda kabila au serikali?
3. Anayekukemea barabarani kwa sababu u mgeni, unamwona mtu au unaona mti?
4. Mtu aliyemkiri Yesu msalabani katika Marko 15:39 alikuwa mgeni, tena askari wa jeshi la uvamizi. Hilo linatufundisha nini?

Ndugu zangu, angalieni Marko 16:7. Ujumbe kaburini kwa wale akina mama ni kwamba Yesu ametangulia Galilaya, na huko watamwona. Hata baada ya kufufuka, anayetaka kumwona inabidi anyanyuke atembee. Bwana atutangulie kwenye mitihani, kwenye ofisi za vibali, na kwenye teksi za Durban. Amina.