Gari la arusi kutoka Liège

Mama, mimi ni mvuvi hapa Kyavinyonge. Baba mdogo aliye Liège ananiuzia gari la zamani la Apal, lile linalofanana na Porsche Speedster. Anasema litarudisha pesa haraka kwa kukodishwa kwenye arusi za Butembo. Ili nilipie meli, inabidi niuze mtumbwi na motere yake. Mke wangu amenuna. Kaka yangu mwenye pikipiki za taksi anasema nisikatae bahati. Nifanye nini?
— Mvuvi, Kyavinyonge

Mwanangu, mtumbwi usiuze. Mke wako ana haki ya kununa: mitumbwi yenye kibali katika Ziwa Edward imewekewa idadi, na ukiachia nafasi yako, kuipata tena ni kazi. Kaka yako, kama hiyo ni bahati, auze pikipiki zake.

Apal kilikuwa kiwanda cha huko huko upande wa Liège. Walichukua chasi ya Volkswagen Coccinelle wakaivalisha bodi ya fiberglasi. Kwa hiyo baba mdogo anakuuzia Coccinelle iliyovaa koti la Porsche, na duane hawasomi koti, wanasoma namba. Mwambie apige picha ya namba iliyogongwa kwenye chuma cha katikati, nyuma ya viti vya mbele, atume pamoja na karatasi za Ubelgiji. Zinasema Apal au Volkswagen? Mwaka gani? Tarakimu moja ikipishana, usitume hata dola moja, maana plake utaiomba kwa karatasi hizo hizo.

Lakini hata zikilingana, kuna umri. Mwaka 2012 Kinshasa ilitoa amri ya kuzuia magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 10 yasiingizwe nchini. Hilo la baba mdogo huenda limekuzidi umri wewe mwenyewe. Congo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukufuta amri hiyo. Utalipa meli hadi Mombasa, utalipa safari ya kuvuka Kenya na Uganda hadi mpakani Mpondwe, halafu likwame Kasindi, upande wa Congo, huku gharama za maegesho zikipanda kila siku. Atajitokeza mtu wa kukunong'oneza kwamba mwaka unabadilishwa kwenye hati. Huko ni kughushi, na jina litakaloandikwa pale ni lako.

Na hizo arusi, umezifikiria? Speedster ya Porsche ina viti viwili. Kama hilo nalo ni hivyo, dereva akikaa kimoja, bibi na bwana arusi wapakatane? Tena haina paa la maana, na vumbi la Butembo unalijua.

Baba mdogo usimjibu kwa ukali. Mwambie: “Tata, nitumie kwanza picha na hati, nimpelekee wakala wa forodha Kasindi, aniandikie kama gari linaingia na kwa kodi kiasi gani.” Wakala akikataa kuandika, mtumie baba mdogo jibu hilo kama lilivyo.