Mshauri Mwenye Jembe: Somo juu ya Kuwakumbuka Wazee Wetu

Mwezi uliopita mwinjilisti wa mtaa mmoja, si mbali na Mafinga, alinijia na neno lililomtaabisha. Mzee mmoja wa usharika wake amelala katika Bwana. Mzee huyo alikuwa mshauri wa watu kwa miaka mingi. Wenye ndoa zilizotikisika walimwendea, na vijana waliokosana na baba zao pia. Alipostaafu hakukaa barazani kungojea salamu, bali kila asubuhi alishuka bondeni kwenye kinyungu chake. Alipanda njegere na viazi, na ukingoni alipanda mipeasi na mipichi. Wengi walimpenda. Lakini miaka miwili kabla ya kufa aligombana na jirani yake juu ya mfereji wa maji, wala hawakupatana. Mwinjilisti akaniuliza, “Mwalimu, nitakaposimama kusoma habari za maisha yake, niutaje mfereji, au niunyamazie?”

Swali hili si dogo. Desturi yetu ni kumsifu marehemu hata waliomjua waanze kutazamana. Mara nyingine nimeketi msibani nikajiuliza kama tumekosea nyumba, maana mtu aliyekuwa akisomwa sikumjua. Tena wako wasemao kweli kwa uchungu, wakalipiza kisasi juu ya kaburi. Njia zote mbili hazifai.

Sikumjibu palepale. Nalimwambia kwanza tutazame maisha ya mshauri mwingine aliyestaafu akashika jembe, ambaye habari zake zajulikana na wote, ndiye Mwalimu Julius Nyerere. Yeye hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa Mkatoliki, akabatizwa mwaka 1943. Lakini kwa somo hili yatufaa sana.

Wazee wa hapa Iringa hukumbuka mwezi wa Mei 1972, chama cha TANU kilipokutana mjini Iringa na kutoa tamko liitwalo Siasa ni Kilimo. Katika tamko hilo taifa zima lilihimizwa juu ya mambo ambayo mwenye kinyungu ayajua tangu utoto: samadi, mbegu njema, kupalilia kwa wakati, kuyatumia maji ya mito na mabonde. Basi, kuhubiri kilimo ni rahisi, na wahubiri wake wengi mikono yao ni laini. Mwalimu alikabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi tarehe 5 Novemba 1985, naye ana umri wa miaka 63. Alirudi kwao Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, akalima. Hakulima kwa kupigwa picha tu. Shamba lilikuwa kazi yake, na wageni waliomfuata kutaka shauri walimkuta huko. Kweli, hakuacha yote siku moja, kwa maana uenyekiti wa chama aliushika mpaka mwaka 1990. Watu wengine waliona kwamba alikawia. Hata mkulima hodari huona vigumu kumwachia mwanawe jembe.

Kule Butiama alifanya kazi nyingine pia, ambayo sisi wa kanisa tusiisahau. Alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996. Mtu aliyetawala nchi miaka zaidi ya 20 akaketi kuhesabu mizani!

Sasa fungueni Luka 13, mstari wa 6 hata wa 9. Mwenye shamba anautazama mtini usiozaa, naye ataka ukatwe. Mtunza shamba anauombea mwaka mmoja zaidi. Wengi wetu twasoma mpaka hapo tukasifu huruma yake. Lakini angalieni anavyoendelea: hasemi tu kwamba uachwe, asema yeye mwenyewe ataupalilia na kuutilia samadi. Ombi lake lina kazi ndani yake. Huyu ndiye mshauri. Ajaye kwako na ndoa inayokauka, ukamwambia, “Vumilia,” nawe ukarudi kwako kulala, hujamshauri. Umemwondoa mlangoni tu. Yule mzee wa mtaa wetu, kama mwinjilisti alivyonisimulia, akiisha kusikiliza shauri la watu wawili huwaita wote wawili shambani wapalilie mstari mmoja pamoja. Aliniambia wengine walicheka, na wengine walikasirika, lakini kabla ya kumaliza mstari walikuwa wamekwisha kusemezana.

Mwalimu naye alipata mtini wake katika uzee. Nchi ya Burundi iliingia vitani baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi wa Oktoba 1993. Mwaka 1996 Mwalimu alikuwa mpatanishi, akawakutanisha mahasimu Mwanza. Mwezi wa Julai mwaka uleule serikali ya Burundi ikapinduliwa, na kazi yote ikaonekana kama shamba lililopigwa na jalidi usiku mmoja. Sisi wa Mafinga twaijua asubuhi ya namna hiyo, mwezi wa Juni au Julai, viazi vilivyokuwa vibichi jana vikiwa vyeusi kama vilivyochomwa moto. Hakukata tamaa. Mwaka 1998 mazungumzo yalianza tena Arusha, wakaketi watu wa vyama vingi wasiotaka kutazamana. Baadhi yao walimshuku kwamba anapendelea upande mmoja, na hilo nalo ni fungu la mshauri. Akafa London tarehe 14 Oktoba 1999, mapatano hayajatiwa sahihi. Nelson Mandela akaishika kazi hiyo, na tarehe 28 Agosti 2000 mapatano yakatiwa sahihi Arusha. Vita havikukoma siku ile. Makundi mengine yaliendelea kupigana. Hata hivyo mti ulikuwa umeshika mizizi. Ndugu mtalinganisha na 1 Wakorintho 3, mstari wa 6, mahali Paulo anaponena juu ya kazi yake na ya Apolo.

Je, mfereji? Mwalimu naye alikuwa na mfereji wake, tena mkubwa. Mwaka 1973 ilitoka amri kwamba watu wote wa mashamba wahamie vijijini. Mamilioni walihamishwa, na katika mkoa wetu wako ambao nyumba zao zilichomwa moto, mahindi yao yakabaki porini. Wako wazee katika sharika zetu ambao hawawezi kusimulia habari hiyo bila kunyamaza katikati. Mtu akisoma maisha ya Mwalimu mbele yao, akayaruka hayo, watajua kwamba hasemi nao. Lakini Mwalimu mwenyewe hakuyaficha makosa yote ya utawala wake. Mwaka 1977 aliandika kitabu kizima kupima miaka 10 ya Azimio la Arusha, yaliyofaulu na yaliyoshindwa. Tena mwaka 1984 alikiri kwamba kuzivunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Si wakubwa wengi wakirio makosa hali wangali katika kiti. Kwa kuwa yeye alisema, sisi tunaweza kusema, na heshima yake haipungui.

Hapo ndipo nilipomjibu yule mwinjilisti. Mfereji utaje, nilisema, lakini usiutaje peke yako. Nenda kwanza kwa mjane, umwambie unalotaka kusoma. Kisha nenda kwa jirani, umwulize kama marehemu alijaribu kupatana naye. Usimhukumu mmoja wala mwingine, kwa maana mmoja hawezi kujibu. Na sifa zako zisiwe za jumla. Usiseme “alikuwa mtu mwema”. Sema alipanda nini, alimshauri mtu kwa njia gani, aliamka saa ngapi.

Akaenda. Mjane akamwambia jambo ambalo hakuna aliyelijua: wiki ile ya mwisho mzee alikuwa amechimbua miche miwili ya peasi, akaifunga mizizi kwa gunia lenye maji, akasema ni ya jirani. Hakuwahi kuipeleka. Mwinjilisti alilisoma hilo mbele ya watu wote, bila kuongeza neno. Jirani aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho, na mimi nalidhani amekasirika. Jioni alionekana akishuka bondeni, amebeba gunia.

Kwa mafundisho ya katikati ya juma, someni pamoja Luka 13:6–9, kisha mwulizane haya. Mtunza shamba aliomba mwaka mmoja. Je, mwaka huo ukiisha bila tunda, ingempasa kufanyaje? Katika mtaa wenu ni mzee gani aliyestaafu ambaye hakuna amwendeaye tena kuomba shauri, naye angali hai?