Baler: Mwongozo wa Mji wa Pwani Ulio Kati ya Milima na Bahari Kuu

Baler ni mji mdogo wa pwani ya mashariki ya kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, na ndio makao makuu ya jimbo la Aurora. Mbele yake imetanda Bahari ya Ufilipino, iliyo sehemu ya Pasifiki, na nyuma yake imesimama Sierra Madre, safu ya milima iliyo ndefu kuliko zote nchini humo. Kwa karne nyingi milima hiyo na bahari hiyo ziliutenga mji huu na Manila, na kutengwa huko ndiko kunakoeleza karibu kila kitu anachokwenda kukiona mgeni, kuanzia historia ya kanisa lake hadi mawimbi ya ufuoni. Kwa hiyo inafaa mgeni aanze na kumbukumbu za kihistoria, kisha ndipo aende kwenye maporomoko na fukwe, maana atakuwa ameshajua kilichowapata watu walioishi mahali hapo kabla yake.

Kufika na majira ya kusafiri

Baler iko umbali wa kilomita zipatazo 230 kutoka Manila. Mabasi ya moja kwa moja huondokea eneo la Cubao, katika Quezon City, na safari huchukua saa tano au sita, au zaidi pale njia inapokuwa na msongamano. Barabara hupanda na kushuka milimani kwa kona nyingi, hivyo anayechafukwa na moyo garini achague kiti cha mbele na asile chakula kizito kabla ya kuondoka. Msafiri anayetoka katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano achukue cheti chake cha chanjo, na saa yake aisogeze mbele kwa saa tano akitoka Nairobi au Dar es Salaam.

Mvua hunyesha Baler karibu mwaka mzima, lakini tabia ya bahari hubadilika kwa majira. Kuanzia Oktoba hadi Februari huvuma amihan, yaani upepo wa kaskazini-mashariki, ambao ndio kaskazi ya upande ule, na huleta mawimbi makubwa yanayopendwa na mabingwa wa kuteleza mawimbini kwa ubao. Kuanzia Machi hadi Mei bahari hutulia, na wakati huo unawafaa waogeleaji, familia zenye watoto na wanaojifunza mchezo huo kwa mara ya kwanza. Katika nusu ya pili ya mwaka pwani hii hukabiliwa na tufani kali, kwa hiyo taarifa za hali ya hewa zifuatwe kila siku na ratiba iachiwe nafasi ya kubadilika.

Kumbukumbu za mji

Mahali pazuri pa kuanzia ni Kilima cha Ermita. Tarehe 27 Desemba 1735 bahari ilifurika usiku na kuufagia mji wote wa kale, na familia chache zilinusurika kwa kukikwea kilima hicho. Sanamu zilizowekwa hapo huwaonyesha watu wakivutana kwenda juu huku maji yakiwafuata, na mtu akigeuka kutoka hapo na kuutazama ufuo ulivyo chini na tambarare, anaelewa mara moja kwa nini hapakuwa na kimbilio jingine.

Kutoka hapo mgeni aende katikati ya mji, kwenye Kanisa la San Luis de Tolosa. Jengo la sasa lilijengwa upya katika karne ya 20, lakini limesimama mahali pale pale ambapo askari wa Hispania wapatao 50 walijifungia katikati ya mwaka 1898, wakizingirwa na wapiganaji wa uhuru wa Ufilipino. Mzingiro huo ulidumu siku 337. Wengi wa waliofia ndani waliuawa na maradhi, hasa beriberi, ugonjwa unaotokana na ukosefu wa vitamini B1 mwilini, kuliko na risasi. Hispania ilikuwa imeshaikabidhi nchi kwa Marekani kwa Mkataba wa Paris wa Desemba 1898, ila kila habari iliyofikishwa kanisani ilidhaniwa kuwa hila ya adui. Hatimaye kamanda wao, Saturnino Martín Cerezo, alisoma katika gazeti tangazo dogo la uhamisho wa afisa mwenzake kwenda Málaga, jambo la siri ambalo aliamini hakuna adui angeweza kulibuni, na tarehe 2 Juni 1899 wakasalimu amri. Rais Emilio Aguinaldo aliagiza wasihesabiwe kuwa wafungwa bali marafiki, na amri yake ya tarehe 30 Juni ndiyo asili ya Siku ya Urafiki wa Ufilipino na Hispania.

Karibu na kanisa yapo makumbusho ya Museo de Baler, pamoja na kumbukumbu za Manuel Quezon, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1878 na kuiongoza serikali ya ndani iliyotangulia uhuru, kuanzia 1935 hadi kifo chake mwaka 1944. Jimbo limeitwa kwa jina la mkewe, Aurora, naye pia mzaliwa wa Baler, aliyeuawa mwaka 1949 katika shambulio la njiani alipokuwa akisafiri kuja huku.

Vivutio vya asili

Ufuo wa Sabang ndio kitovu cha mchezo wa mawimbi, na wakufunzi wenye mbao za kukodisha hupatikana hapo hapo. Mwaka 1976 baadhi ya matukio ya filamu ya Apocalypse Now yalipigwa katika pwani hii, na vijana wa mji wakaanza kuteleza kwa mbao zilizoachwa na watengenezaji wake. Anayeogelea aulize kwanza mahali salama, kwa kuwa mikondo ya bahari hii iliyo wazi ina nguvu.

Maporomoko ya Ditumabo, yenye kimo cha zaidi ya meta 40, yako katika wilaya jirani ya San Luis. Njia yake huvuka kijito mara kadhaa juu ya mawe yanayoteleza, kwa hiyo viatu vyenye kushika vizuri na mwongozaji wa pale pale ni vya lazima, na mvua kubwa ikinyesha safari iahirishwe. Katika wilaya ya Maria Aurora upo mti mkubwa wa balete, wa jamii ya mikuyu, ambao mizizi yake iliyoning'inia imeacha uwazi wa kumwezesha mtu kupenya hadi ndani. Mgeni apite polepole bila kukwaruza magome wala kuvunja mizizi.

Usafiri, matumizi na adabu

Vivutio hivi huzungukiwa kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni, na nauli ya mzunguko wote hupatanwa kabla ya kuondoka. Fedha taslimu za peso zichukuliwe za kutosha, hasa noti ndogo. Katika Kitagalogi, neno po huongezwa katika usemi kuonyesha heshima, na mgeni anayelitumia kwa wazee hupokewa vizuri. Zawadi inayofaa kununuliwa ni kofia au mkeka wa sabutan, mmea wa jamii ya mkadi ambao majani yake husukwa kwa mkono, kwa kuwa fedha hiyo humfikia msusi mwenyewe. Siku mbili kamili hutosha kwa yote haya: ya kwanza kwa kilima, kanisa na makumbusho, na ya pili kwa maporomoko, mti na bahari.