Mwalimu wa Elimu Maalumu: Kazi Yake na Mitihani Inayomkabili



Kila muhula naulizwa bwenini nasomea nini. Nikijibu kwamba nasomea ualimu wa elimu maalumu, anayeuliza hunitazama kwa upole na kusema, "Mashallah, utapata thawabu nyingi." Namshukuru kwa dua yake. Lakini mwenzangu anayesomea uhandisi huulizwa atajenga nini, na wa udaktari huulizwa atatibu nini. Mimi siulizwi kazi yangu hufanywaje. Watu wamekwisha kuamua kwamba ni kazi ya huruma, na huruma haihitaji kusomewa miaka mitatu. Somo la leo ni jibu la swali ambalo sijaulizwa.

Tuanze na mtu tunayemjua sote. Abdullah Ibn Umm Maktum (r.a.) alikuwa haoni. Tukimtaja, aghalabu tunataja Surat Abasa na kuishia hapo. Tunasahau kwamba kabla ya Mtume (s.a.w.) kuhamia Madina, yeye na Mus'ab bin Umayr walikwisha kutangulia huko wakiwafundisha watu Qur'ani. Tunasahau pia habari ya adhana. Katika Ramadhani watu waliambiwa waendelee kula daku hata Bilali akiadhini, mpaka waisikie adhana ya Ibn Umm Maktum. Sasa mtu asiyeona ataijuaje alfajiri? Riwaya inaeleza: hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha. Hakupewa kazi ya pembeni ili ajisikie vizuri. Alipewa saumu ya mji mzima, na pengo la macho likazibwa kwa mtu wa kumpa habari. Ukinitaka nieleze elimu maalumu kwa mfano mmoja, ni huo: kazi inabaki ile ile, kinachobadilishwa ni njia ya kuifikia.

Mwalimu hufanyaje hilo darasani? Kwanza hutambua. Mwaka jana nilifanya mazoezi ya ualimu katika shule moja ya msingi hapa Uganda, shule ya kawaida yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Niliambiwa kuna binti wa darasa la pili ni "mzito", hasikii la mtu. Mwalimu mlezi wangu, mama mtu mzima, hakutaka hata kuona daftari lake. Alimgeuza kichwa, akanionyesha usaha uliokauka ndani ya sikio. Maradhi ya sikio yakiachwa bila tiba hupunguza usikivu, na mtoto anayesikia nusu ya neno hujibu nusu ya swali. Binti alihitaji zahanati, kisha kiti cha mbele. Nilijiuliza ni wangapi tuliosoma nao madrasa waliochapwa kwa "uzito" wa namna hiyo.

Kwa mtoto kiziwi mambo ni mengine, na hapo niliaibika mwenyewe. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiandika ubaoni huku nikieleza, kama tulivyofundishwa sote. Mvulana mmoja aliyekuwa akisoma midomo yangu alianza kucheza na kalamu. Nilimwendea nikiwa nimeudhika. Mwalimu mlezi akaniuliza baadaye, "Ulipogeuka ubaoni, yeye ulimwachia nini?" Tangu hapo huandika kwanza, nikageuka, ndipo nikasema, tena sisimami na dirisha mgongoni, maana mwanga ukitoka nyuma uso huwa kivuli. Na kusoma midomo ni kubahatisha kwingi tu. Lugha hasa ya viziwi ni Lugha ya Alama, ambayo ina sarufi yake yenyewe; si Kiingereza kilichohamishiwa mikononi.

Asiyeona husoma kwa breli, maandishi ya nukta nundu sita. Wanaotumia kibao na kidude cha kutobolea huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi na kuisoma kutoka kushoto. Hata Kiarabu cha breli husomwa kutoka kushoto! Ustadhi aliyezoea msahafu wa kawaida atalazimika kuanza upya kama mtoto. Msahafu wa breli upo, alhamdulillah, ila ni majalada kadhaa manene, nao haubebwi kwapani.

Lakini nilikojifunza zaidi ni kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Alikuwepo kijana wa Kiislamu wa miaka kumi na miwili hivi, mwenye Down syndrome. Mama yake alikuwa na ombi moja tu: ajue kutawadha. Nilianza kama nilivyofundishwa chuoni nikiwa mdogo, kwa nia, kisha viganja, kinywa, pua, uso. Siku tatu hatukuvuka pua. Alichoka, akamwaga birika, akalia. Mwalimu mlezi, ambaye si Muislamu, aliniomba nimwandikie hatua zote za udhu kwa mpangilio. Akazisoma, akasema, "Anza na ya mwisho."

Njia hiyo ina jina vitabuni, nami nitaiita tu kufundisha kutoka mwisho. Nilimshika mkono nikampitisha hatua zote, hatua moja baada ya nyingine, na mguu wa kushoto nikamwachia auoshe mwenyewe. Akauosha. Udhu ukaisha mikononi mwake, na yeye ndiye aliyeumaliza. Akacheka. Siku kadhaa baadaye nikamwachia miguu yote miwili, kisha masikio, kisha kupaka kichwa. Mtoto aliyezoea kushindwa mwanzoni sasa kila siku alikuwa akimaliza. Inahitaji subira, ndiyo, lakini subira ninayo hata siku zile tatu za pua. Kilichokosekana kwangu ni ujuzi.

Hapa kuna jambo ambalo Waislamu tunapaswa kulitazama vizuri. Tunajua kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa asiye na akili mpaka apate akili. Hukumu hiyo ni rehema. Lakini nimesikia mzazi akiambiwa na mwalimu wa madrasa, "Huyu hana dhambi, usijisumbue kumleta." Yaani rehema ya kutohesabiwa imegeuzwa kuwa sababu ya kutofundishwa! Kuondolewa dhambi ni jambo moja na kunyimwa elimu ni jambo jingine, tena watoto wengi tunaowaweka chini ya hukumu hiyo akili wanayo. Inachelewa tu, au hatujaitafutia mlango.

Sasa mitihani. Kwa sheria nchi yetu haikubaki nyuma. Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali kuendeleza lugha ya alama kwa viziwi. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997, ulihesabu watoto wanne kwa kila familia na kuwapa kipaumbele wenye ulemavu. Kyambogo walimu wa elimu maalumu wamekuwa wakifunzwa tangu ilipokuwa taasisi ya peke yake, kabla ya kuunganishwa katika chuo kikuu mwaka 2003. Tatizo huanza mlangoni mwa darasa. Watoto walikuja kwa wingi, na mwalimu aliyefunzwa kuandika mpango wa kila mtoto peke yake hujikuta mbele ya darasa lisilohesabika kwa mtazamo mmoja. Mpango wa mtoto mmoja huandikwa usiku, kwa taa yake mwenyewe. Mashine ya kuandikia breli ikiharibika kitufe kimoja kati ya sita vya nukta, herufi nyingi zimekufa, na fundi wake si yule wa cherehani pale sokoni.

Janga la korona lilionyesha mengi. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Masomo yalipopelekwa redioni, kiziwi alipelekewa nini? Barakoa nazo zilifunika midomo. Na viziwi wengi huzaliwa katika nyumba za wanaosikia, ambako hakuna anayejua alama; kwa mtoto wa namna hiyo shule kufungwa ni kufungiwa lugha yenyewe.

Wazazi pia ni sehemu ya kazi. Wapo wanaomficha mtoto kwa haya, wapo wanaozunguka kwa waganga hadi mbuzi wakaisha zizini. Mwalimu akiwacheka amempoteza mtoto. Mwalimu mlezi wangu alikuwa akienda nyumbani, anakaa mkekani, anakula alichoandaliwa, na siku ya kwanza hazungumzii shule kabisa. Niliona huo ni ustadi usiopewa alama katika mtihani wowote.

Nimalizie kwa la hapa kampasi. Katika swala ya Ijumaa kuna ndugu yetu kiziwi hukaa safu ya nyuma akitazama zulia. Baada ya salamu rafiki yake humwandikia kwenye simu alichosema imamu. Juzi aliniruhusu niione: khutba ya nusu saa ilikuwa mistari mitatu. Wanachama wetu wanne wanasoma Lugha ya Alama muhula huu, na wawili wamekubali kutafsiri kwa zamu. Suala la adabu za kunyamaza wakati wa khutba tumelipeleka kwa ustadhi, tunangoja jibu lake. Mahali tumekwisha kupima: upande wa kulia wa mimbari, mbali na dirisha, panatosha mtu mmoja kusimama bila kumziba imamu.