Somo la mwezi: Nguzo zisimame, kikapu kiangaliwe



Nani kati yetu hajasimama Wagenia kuangalia wavuvi? Pale, kwenye poromoko la mwisho kati ya maporomoko 7 ya Boyoma, wanasimamisha miti mikubwa ndani ya mashimo ambayo maji yenyewe yamechimba kwenye mawe. Wanaifunga kwa kamba za msituni, wanashusha vikapu vikubwa ndani ya maji makali. Wageni wanapiga picha, wanaenda. Sisi wakulima tubaki kidogo, iko somo pale.

Nguzo ni mpango. Hakuna anayengoja samaki apite ndipo asimamishe mti. Kazi ile inafanywa mbele, na watu wengi pamoja. Lakini haiishii pale: mara 2 kwa siku wanavuta vikapu kuangalia. Mto haufuati mpango wa mtu. Mvuvi anajua hilo, mkulima anasahau.

Tuseme kweli, hata sisi tuliosoma kilimo tunasahau. Mwaka mmoja tulipanga na kikundi tarehe ya kupanda mahindi, tukaiandika kwenye karatasi. Tarehe ikafika, mvua bado. Mama mmoja mzee akasema, "Watoto wangu, udongo ungali mkavu, tungoje." Sisi tukamuonyesha karatasi. Mbegu ikapandwa. Mvua kidogo ikaja, mahindi yakaota, kisha jua la siku nyingi likayakausha. Kikundi kikanunua mbegu mara ya pili, kwa deni. Tuliomba msamaha, lakini msamaha haurudishi mbegu.

Kosa halikuwa kupanga. Kosa lilikuwa kufunga kitu ambacho kilipaswa kubaki wazi. Basi tutenganishe hivi:

1. Kazi isiyongoja, ipangeni mapema. Kufyeka, pesa ya wafanyakazi, kutafuta mbegu na kuijaribu. Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye maji. Zikiota chini ya 80, ongeza mbegu kwenye shimo, au tafuta nyingine wakati ungalipo.

2. Kazi inayofuata mvua, msiiwekee tarehe moja. Iwekeeni alama. Andikeni: "Tutapanda udongo ukiwa na maji mpaka kina cha kiganja kizima." Halafu mmoja achaguliwe kuchimba na kuangalia.

3. Acheni shambani kitu kinachoweza kungoja. Mahindi yanakomaa kwa miezi 3 mpaka 4. Ukichelewa kuvuna, unapoteza. Muhogo ukifika karibu mwaka unaweza kuvunwa kidogo kidogo, kufuata bei au shida ya nyumba, mradi usiachwe mpaka ukawa mgumu. Anayeweka shamba lote kwa zao moja, juu ya bei ya jana, amejifunga mikono.

Maisha na kazi iko vilevile. Kijana anataka kuwa muuguzi, mwaka huu pesa ya masomo imekosa. Akibeba watu na toleka, je, ameacha mpango? Inategemea. Kama anaweka pesa ya masomo pembeni kila wiki, nguzo ingali imesimama. Kama pesa yote inaisha jioni ileile, nguzo imeanza kulegea, na wazazi wamwambie mapema, kwa upole. Tena pengine njiani atapenda ufundi wa kutengeneza baiskeli. Hiyo si aibu. Akae na wazazi, wasimamishe nguzo mpya wakijua wanachofanya.

Jambo la mwisho. Vikapu vya Wagenia ni vikubwa, samaki wadogo wanapita. Kuwa wazi siyo kukamata kila kitu. Mtu akija leo na bei nzuri, anataka hata mbegu mliyoweka kwa msimu ujao, jiulizeni: huyu ni samaki, ama ni maji yanayokuja kung'oa nguzo?

Maswali ya kuzungumza kwenye mkutano:

- Msimu huu, nguzo zetu 3 ambazo hatutagusa ni zipi?
- Ni nani anaangalia kikapu, na ni siku gani anatuletea habari?
- Mama mzee akisema "tungoje", nani kati yetu atamsikiliza?

Swali hilo la tatu, sisi tulilijibu vibaya. Ninyi mlijibu vizuri.